Kamata Mpira, Siyo Mtu

Hounslow, London
Jumapili

Kwako Kaka Hamisi,

Shikamoo kaka. Natumaini mama, shemeji na watoto ni wazima, na goti lako limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno.

Uliuliza habari za timu yetu ya wasichana ya chuo. Kaka, msimu huu tumekiona cha mtema kuni. Ligi yenyewe ndogo, vyuo vya upande huu wa magharibi tu, lakini mpaka juzijuzi sisi ndio tulioshika mkia. Mkuu wa michezo akatuambia wazi: tukimaliza wa mwisho, timu inavunjwa. Iliniuma sana. Ukiondoa darasa na zamu zangu kwa wazee ninaowatunza, ile timu ndiyo ndugu zangu huku.

Na mechi iliyotuzamisha, mchawi ni wewe. Golikipa wetu ni Furaha, Mkongo wa Bukavu, ninayeishi naye nyumba moja. Uwanjani tunasemeshana Kiswahili ili wapinzani wasituelewe. Siku hiyo mpira ukadondoka kati yangu na mshambuliaji wao, ndani ya boksi letu. Furaha akapiga kelele, "Kamata! Kamata!" Masikioni nikasikia sauti yako ya miaka yote ukinifundisha ubeki: mpira ukipita, mtu abaki. Nikamkamata yule dada jezi kwa mikono miwili. Penalti. Tukafungwa.

"Nilisema kamata mpira," Furaha akafoka, "wewe unakamata mutu!"

Kumbe kwao kamata ni chukua tu! Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, nikasababisha penalti.

Nilimsihi aseme "chukua." Akagoma. "Kama mambo iko moto, kinywa inasema ya kwetu."

Basi nikaamua nitalifundisha sikio langu. Wiki nzima jikoni ananirushia machungwa, hata nikiwa na sufuria mkononi. "Kamata!" Nadaka. Mama mwenye nyumba, Mhindi wa Kisumu, akachungulia: "Haya machungwa mnakula ama mnapiga?"

Jumatano ikaja mechi ya mwisho. Tulihitaji sare tu. Mvua, matope, uwanja wa ndege uko jirani, ndege zinashuka juu ya vichwa vyetu mpaka filimbi haisikiki vizuri. Mwishoni kabisa, bado hakuna goli, Furaha akatoka langoni, akapitwa, akaanguka. Tukabaki mimi na mshambuliaji wao, bega kwa bega. Jezi yake ilikuwa hapa, kaka, mkononi kabisa! Furaha akapiga kelele kutoka chini:

"Kamata!"

Nikajitupa kwenye matope, nikauchukua mpira peke yake, nikaubutua nje. Yule dada akaniangukia. Filimbi haikulia.

Sare. Hatukushika mkia, na mwakani tupo. Najua utacheka kwamba tunashangilia nafasi ya pili kutoka chini. Cheka tu, mazoezi ya mwakani nimeshaanza.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji, na bibi mzaa mama, na shangazi fundi cherehani. Na wale mabeki wadogo unaowafundisha, waambie dada yao kasema hivi: safari hii mpira haukupita, na tuliobaki ni sisi.

Mdogo wako msikivu,
Mwajuma