Ngoma ya Akina Mama Kisimani

Kharumwa,
20 Februari 1949

Kwa dada yangu mpendwa Paskazia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji na watoto, na kwamba goti la mama limepata nafuu tangu uliponiandikia. Sisi huku hatujambo. Otmar alikuwa akikohoa kwa sababu ya vumbi lakini sasa amepona, Damian ametimiza miaka mitano, na Justina anakimbia huku na huko akivunja kila kitu kinachovunjika. Nakuomba jambo moja kabla sijaendelea: isome barua hii yote wewe mwenyewe kwanza, ndipo umsomee mama.

Uliniuliza kuhusu mvua. Dada, mwaka huu mvua ilituhadaa. Ilinyesha siku tatu mwezi wa Novemba, watu wakakimbilia kupanda mtama na karanga, kisha ikakatika. Tukapanda tena Desemba, ikawa vile vile. Kufikia katikati ya Januari ulikuwa ukishika mche unavunjika mkononi, na wanaume wengi walikuwa wamekwisha kuhamisha ng'ombe kuelekea ziwani. Mtemi alimleta mganga wake wa mvua. Sisi kanisani tukasali novena, sala ya siku tisa. Ikabaki zamu ya wanawake.

Sijui kama nimewahi kukueleza desturi yao. Mvua ikichelewa sana, wanawake wa hapa huchagua siku, na siku hiyo wanaume wote hukaa ndani, milango imefungwa. Wanawake huzichukua ngoma ambazo siku nyingine hawazigusi, hujipaka unga mweupe usoni, wakaenda kusafisha kisima cha Nyabulanda huku wakicheza na kuwaimbia wanaume matusi ambayo siku nyingine yangewafikisha barazani kwa mtemi. Mwanamume akichungulia hukamatwa na kupakwa tope. Lakini anayeanzisha ngoma hiyo lazima awe mwanamke aliyezaa mapacha. Wasukuma huwaita mabasa, na wanaamini kuwa mama yao anasikilizwa na mbingu kuliko mwingine yeyote.

Miaka yote aliyeanzisha alikuwa bibi mmoja jirani yetu, Ng'wana Nkwabi. Alifariki mwezi wa Agosti. Mwanamke mwingine wa hapa aliyezaa mapacha amemfuata mumewe kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita. Waliagiza mtu kijiji cha pili, wakajibiwa kwamba na wao wana ukame wao.

Kabla ya siku yenyewe, akina mama watano walikuja kwetu wakiongozwa na Mama Kabula, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, ambaye hata mtemi humsikiliza. Walitaka Otmar awaruhusu Wakristo washiriki, kwa kuwa yeye ndiye katekista, mwalimu wao wa dini. Otmar aliwapokea vizuri, akawaambia kwamba kisima wanaweza kwenda kusafisha, maana usafi si dhambi, ila ngoma na matusi hapana. Mama Kabula akamjibu kwa upole kwamba yeye hajawahi kuona mtama ukioteshwa na usafi. Mimi nilikuwa nikiwapa uji. Niliposikia hayo nikamwagia uji mkeka.

Siku ilipofika nilichukua mtungi na jembe, nikamwambia Otmar nakwenda kusafisha kisima kama alivyoruhusu. Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha kuwa kali. Nilikuta wanawake zaidi ya sitini wamesimama kuzunguka kisima, nyuso nyeupe, ngoma tatu ziko chini, na hakuna anayezigusa. Walikuwa wakibishana. Wengine walisema waanze tu hivyo hivyo. Wazee wakakataa, wakasema ngoma isiyo na mwenyewe italeta radi badala ya mvua. Wachache walikuwa wamekwisha kujitwika mitungi yao kurudi nyumbani. Nilimwona msichana mmoja aliyeolewa mwaka jana amekaa chini na mtoto mchanga, analia kimya kimya, kwa sababu maziwa yake yamekauka kwa njaa.

Nikaweka jembe langu chini, nikasema kwa sauti, "Mimi nitaanzisha."

Walicheka, dada, na sikuwalaumu. Mama Kabula akaniambia, "Mke wa mwalimu, watoto wako tunawajua. Wa kwanza Damian, wa pili Justina. Wote walizaliwa mmoja mmoja."

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Niliwaambia wanawake wale, na sasa nakuambia wewe, kwamba Damian hakuzaliwa peke yake.

Unakumbuka wakati ule tulikuwa tukiishi Shinyanga, Otmar akiwa karani, nami nikaenda kujifungulia hospitali ya Kolandoto. Nilizaa wawili. Alitangulia msichana, mdogo sana, akalia kwa nguvu kuliko ukubwa wake. Damian akamfuata. Wauguzi walimfunika yule msichana kwa pamba wakamhudumia kama mtoto wao, lakini siku ya pili jioni alikata roho mikononi mwangu. Tulimbatiza sisi wenyewe, tukamzika kule kule. Otmar alikuwa ameahidiwa kazi ya ukatekista huku. Tuliogopa kwamba ndugu zake wakisikia habari ya mapacha watatutaka tuchezewe ngoma zao zote, na kwamba padre akisikia ngoma hizo kazi itakwenda. Tukakubaliana kuja na mtoto mmoja na habari moja. Nilipokuja hapo nyumbani Ushirombo, mama akampakata Damian na kuniuliza kama uzazi ulikuwa mzito, nilijibu kwamba ulikuwa wa kawaida. Nimembebesha mama uongo huo miaka mitano, na wewe pia. Naomba mnisamehe.

Nilipomaliza kusema, hakuna aliyecheka tena. Mama Kabula hakuniuliza kwa nini nilificha. Aliniuliza jina la mtoto. Nikamwambia ubatizo wake ni Generosa. Akasema, "Huyo ametangulia kutoka, basi ni Kulwa, na mwenzake ni Doto. Hatuwezi kumwomba mvua mtu ambaye hatujamsalimu." Bibi mmoja akanipaka unga usoni, mwingine akanipa vibuyu viwili vidogo vilivyofungwa pamoja kwa kamba, na wanawake wote wakaliitikia jina lake. Dada, tangu azikwe hakuna aliyewahi kulitamka isipokuwa mimi, chini ya shuka.

Kisha nikapiga ngoma. Mimi niliyezoea kuongoza nyimbo za Kilatini nikiwa nimefunga mikono, niligundua kwamba miguu yangu inajua mambo. Nilicheza mpaka kanga ikanifunguka nikaifunga tena bila kusimama. Tuliingia kisimani tukatoa tope, magogo na majani ya miaka, huku tukiwataja wanaume kwa vitu ambavyo siwezi kuviandika kwenye karatasi hii. Tulirudi kijijini tukiimba, tukapita mbele ya kila mlango, na mbele ya mlango wangu waliimba jina la Kulwa mara nyingi kuliko kwingine.

Nilimkuta Otmar amekaa kitini, kofia ameishika mkononi. Nilijiandaa kwa maneno makali. Aliniambia tu, "Wamemwimba." Akalia kama ambavyo hakulia Kolandoto. Kesho yake alipanda baiskeli mwenyewe kwenda kumweleza padre, bila kungoja wasengenyaji wafike kabla yake. Padre amemsimamisha kazi mpaka baada ya Pasaka, nami nimezuiliwa komunyo kwa muda huo huo. Nilikwenda kuungama. Nilimwambia padre kwamba kwa ule uongo najuta kwa moyo wote, ila kwa ile ngoma nimeyatafuta majuto wiki nzima, sijayapata. Akaniambia niendelee kuyatafuta.

Mvua ilinyesha siku ya tisa baada ya ngoma. Wengine wanasema ni ngoma, wengine wanasema ni novena, na mganga wa mtemi naye anadai yake. Mimi sibishani na mtu. Nimepanda mtama kwa mara ya tatu, na leo asubuhi umetoa majani mawili mawili.

Sasa mwambie mama. Mwambie taratibu, akiwa amekula, na akilia usimkataze. Baada ya mavuno Otmar nami tutakwenda Kolandoto kulitafuta kaburi na kuliwekea mawe. Natamani mama aje nasi kama goti litamruhusu, na wewe pia. Akikasirika na kukataa, nitakuja mwenyewe kumpigia magoti, lakini mwambie sitanyamaza tena.

Wasalimie wote hapo nyumbani, shemeji, watoto, na jirani yetu Mama Cornel. Otmar anakusalimu sana. Damian anasema shikamoo mama mkubwa; tumemweleza kuhusu dada yake, na sasa kila tukila anauliza kama na yeye amekula.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Salvina,
Mama Kulwa na Doto