Darubini ya Bunduki ya Muzee

Val-d'Or, Kanada
Jumapili, baada ya misa

Kwako yaya Dieudonné, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu, na kupitia kwako nawasalimu wote wa nyumbani Bunia. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Ile dawa ya kupaka ilimfaa, au ameigawia majirani kama kawaida yake? Shemeji amepona malaria? Na bati la upande wa jiko, mvua bado inaingia? Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Simu ukichoka unaikata, na mara ya mwisho ulinikatia. Ndiyo maana barua hii nimempa mama Furaha, mama wa parokia yetu hapa, anayekuja Bunia kumzika mama yake. Nimemwomba asikupe wewe barabarani. Aiweke mkononi mwa Mama, pale jikoni, halafu wewe uisome kwa sauti kama ulivyozisoma zote. Basi soma, yaya, na usiharakishe.

Habari za huku ni zile zile. Mji huu jina lake maana yake ni bonde la dhahabu. Nimecheka peke yangu mara nyingi: mtu wa Ituri anakimbia shida za dhahabu, anavuka bahari, anashuka kwenye mji wa dhahabu. Tofauti ni kwamba huku wanaochimba wanarudi nyumbani jioni wakiwa na miguu yote miwili. Baridi imeanza. Asubuhi napasua barafu kwenye kioo cha gari kwa kijiko kikubwa cha plastiki, vidole vinakufa ganzi, na jirani ananipungia mkono kana kwamba tunafanya mchezo mzuri. Miaka minne sasa na hajaniuliza jina.

Kazi bado ni ile ya duka la vifaa vya uwindaji na uvuvi. Mwenye duka, muzee Réjean, amenitoa kwenye kubeba maboksi ameniweka kwenye meza ya darubini za bunduki, zile ambazo kwetu tunaziita lunette. Watu wazima wenye ndevu nyeupe wananiuliza mimi, Gratien wa Bunia, wachague ipi. Na ninajua kuwajibu, maana nilijifunza kwa damu yangu.

Unakumbuka picha niliyotuma mwaka jana, yenye kovu juu ya nyusi, mkacheka hadi shemeji akamwaga chai? Sikuwaambia yote, kwa aibu. Nilinunua carabine, bunduki nyepesi ya kuvuta komeo kwa mkono, ndugu kabisa wa ile ya Muzee, baba yetu. Juu yake nikafunga darubini kubwa kuliko zote dukani, ndefu kama mchi. Unatujua watu wa kwetu: kikubwa ndicho kizuri, na mtu akitoka Ulaya na sanduku dogo tunasema amefeli. Réjean aliniangalia akasema, «Unaenda kuwinda mwezini?» Nikamwona mzee mwenye wivu.

Tuliingia msituni kumtafuta orignal, mnyama mrefu kuliko farasi, mwenye pembe pana kama makoleo. Akatokea hatua kumi na tano mbele yangu. Nikainua bunduki, nayo ikayumba, kichwa kizito kama mtu aliyebeba ndoo ya maji bila kata. Nikaweka jicho. Yaya, niliona manyoya. Manyoya tupu, ya kahawia, kioo chote. Sikujua kama ni shingo au matako. Nikafyatua kwa hasira, bunduki ikarudi nyuma, chuma cha darubini kikanipasua uso, na mnyama akaondoka akitembea, hata kukimbia hakukimbia.

Tangu siku hiyo nikajua wanachojua wawindaji, na ambacho Muzee alikijua bila darubini yoyote. Bunduki nyepesi inapendwa kwa sababu inafika begani haraka. Usiiharibu kwa kuitwisha mzigo. Tafuta darubini fupi, nyepesi, ambayo ikiwa kwenye nguvu yake ya chini haikuzi kitu, ili uache macho yote mawili wazi: moja liko kwenye kioo, la pili linaona msitu. Ifungwe chini, karibu na mtutu, ili shavu likigusa tu kitako jicho likute picha bila kuitafuta. Iache vidole vinne mbele ya nyusi zako, la sivyo utavaa kovu langu. Na msalaba wake wa ndani, ule wa kulengea, uwe mnene, unaoonekana kwenye kivuli cha miti. Mnyama wa msituni anakupa pumzi moja. Darubini nzuri ni ile isiyokuibia pumzi hiyo.

Hayo yote nilikueleza kwenye simu uliponiomba, na nilikueleza kwa furaha. Niliposikia umeitoa bunduki ya Muzee darini, umeipaka mafuta, unataka lunette, nilijua unataka kurudi msituni upande wa Boga kama yeye. Nilijiona nimefaa kitu. Sikuweza kuja kumzika. Nilimwona akishushwa kaburini kwenye simu ya shemeji, mtandao ukikwama, jeneza likisimama hewani, likirudi, likisimama tena. Nikasema walau hili nitalifanya.

Nawe ukaniuliza swali moja ambalo halijanitoka sikioni: «Ile lunette inafika wapi? Inaweza kuona muzuri mupaka quatre cents mètres?»

Nikakujibu kwamba msitu wa Boga hauna mita mia nne. Hatua thelathini, majani yanafunga. Mboloko, yule swala mdogo anayepita kama panya, hakuna aliyewahi kumwona mbali hivyo. Ukasema, «Weye chagua ile yenye nguvu.» Nikakuuliza unamfuata mnyama gani, kwa maneno ya nyumbani: «Juu ya nyama gani, yaya?» Nilisikia pikipiki zikipita barabarani nyuma yako. Halafu ukasema, «Nyama ni nyama. Weye tuma tu.»

Yaya, mimi nilizaliwa nyumba moja na wewe. Mita mia nne nazijua. Ni kutoka kwenye miti ya kakao ya Muzee, pale ukingoni mwa bonde, hadi nyumba za kwanza za kijiji cha ng'ambo ya bonde. Tulikuwa tukisimama pale na kupiga kelele, na watoto wa ng'ambo wakitujibu, tukihesabu vidole mpaka sauti ifike. Pale ndipo Muzee alipouawa alipokwenda kuangalia kakao yake. Na kijiji kile ndicho watu wanachokinong'ona, ingawa wiki moja wanasema wauaji walitoka kule, wiki nyingine wanasema walipita tu, na mwenye kuapa kwamba aliwaona hakuwepo.

Nilipokwambia hivyo ulinijibu kwa maneno ambayo ningependa usome polepole, maana ni yako: «Weye uko kule unakula mukate, siye tuko hapa tunazika. Fimbo ya mbali haiue nyoka.» Ukakata simu.

Ni kweli nakula mkate. Mkate wa huku hauna ladha, lakini nakula. Ulinichoma, na ulijua pa kuchoma. Lakini angalia ulichoniomba: unaniambia fimbo ya mbali haiui nyoka, halafu unataka niwe hiyo fimbo, na ni kwa sababu ya umbali unaitaka. Usinifanye mjinga mara mbili kwa simu moja.

Sasa nakwambia kitu ambacho padri tu ndiye amekisikia. Usidhani nimekaa huku na moyo safi. Siku ile uliponikatia, niliitoa kwenye kabati ile darubini yenye nguvu kuliko zote. Duka lilikuwa tupu, Réjean alikuwa nyuma anakula. Nilisimama dirishani nikaitazama barabara. Ng'ambo kuna kituo cha mafuta, na mwanamume mmoja alikuwa ameegemea gari lake. Nilimleta karibu. Yaya, nilimwona akipuliza kahawa yake. Niliona mvuke. Niliona sharubu zake zimelowa, na kifungo kimoja cha koti hakipo. Nikatamka jina la Muzee, nikaweka msalaba katikati ya kile kifungo kisichokuwepo, na kidole changu kikakunja hewa. Kidole changu mimi, ninayekuhubiria. Nilitaka awe mmoja wao. Sikujali ni yupi.

Halafu akatabasamu, kuna mtu alikuwa anamsimulia kitu. Nikaishusha darubini, nikairudisha kabatini na kufunga kwa ufunguo.

Ng'ambo ya bonde pia watakuwa wanapuliza chai. Utamwona mtu vizuri sana, hilo nakuhakikishia, kazi ya kioo ni hiyo. Kitu kimoja tu hutakiona: kama ndiye. Utapiga, na wao wana bunduki nyingi kuliko yetu, na watavuka bonde kuja kumtafuta mwenye nyumba. Mwenye nyumba aliyebaki ni wewe, na nyuma yako yuko Mama. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Utakufa, yaya, na mimi nitakutazama ukishuka kaburini kwenye simu, ukikwama hewani kama Muzee. Sitaki. Nina hasira na wewe kiasi kwamba mwandiko unanipotea, lakini sitaki.

Unakumbuka desturi ya Muzee? Hakutoka na bunduki hata siku moja bila kusimama kwenye mlango wa jiko, mtutu ukiangalia chini. Mama anauliza bila kugeuka, «Unaenda juu ya nyama gani?» Naye anataja: «Leo ni mboloko.» Au nguruwe-mwitu. Akirudi na mwingine sawa, akirudi mikono mitupu sawa, lakini lazima ataje. Mama anasema, «Enda, urudi.» Sisi tuliona ni mchezo wa wazee.

Wakati wa vita, tukiwa wadogo, walikuja wale vijana wanne wa kile kizuizi cha barabarani. «Muzee, kamata bunduki, twende ku barrière.» Wewe ulikuwa umejificha nyuma ya pipa, mimi nimeshika shati lako. Muzee aliitwaa bunduki. Alikwenda mlangoni pa jiko kama siku zote, akasimama. Mama alikuwa anachambua mchele. «Unaenda juu ya nyama gani?» Muzee alifungua mdomo. Vijana wanangoja uani. Alifungua mdomo mara ya pili, na hakuna jina lililotoka. Ndipo akavuta komeo la bunduki, akalichomoa lote, akampa Mama mkononi, na Mama akalizika kwenye kopo la chumvi. Wale vijana walimpiga mateke mbele yetu, wakamwita mwanamke, wakabeba kuku wote. Bunduki waliitupa, bila komeo ni fimbo tu. Kwa miaka mingi mimi na wewe tuliona haya kwa ajili ya Muzee siku ile. Wewe ulisema ukikua hutasimama mlangoni. Nilikusikia.

Basi hili ndilo jibu langu. Ile yenye nguvu sitakutumia. Sheria za huku zinakataza kusafirisha vitu hivi ovyo, lakini sitajificha nyuma ya sheria. Hata kama zingeruhusu, jibu ni hapana. Nimekuchagulia nyingine. Ni ndogo, uzito wa parachichi, inaanzia macho mawili wazi, na inakaa kwenye bunduki ya Muzee kama ilizaliwa nayo. Iko kwenye droo yangu, nimeifunga kwa kitambaa. Siku utakapokuwa unakwenda juu ya mboloko, nitatafuta karatasi zote zinazotakiwa na nitailipia safari yake. Kwa hatua thelathini hakuna nzuri kuliko hiyo. Ng'ambo ya bonde itakuonyesha ukungu tu.

Utanitukana, nitukane. Utasema nimekuwa mzungu. Mzungu gani anayekula ugali wa unga wa mahindi ya ng'ombe, peke yake, Jumapili, na kulia juu ya karatasi?

Msalimie shemeji, mwambie ile chai aliyoimwaga kwa kulicheka kovu langu nimemsamehe. Msalimie mjomba katekista, aliyetufundisha sote kusoma, na umwambie bado naandika herufi zangu kwa kulalia kushoto. Msalimie mama mkwe wako wa Kpandroma na viazi vyake. Wasalimie wale majirani waliochimba kaburi la Muzee wakati mimi sikuwepo. Majina yao nayaombea kila siku.

Kurasa ni sita. Mama Furaha atakuwa amemwambia Mama ni sita, na Mama hajui kusoma lakini kuhesabu anajua. Ukiruka ukurasa, shemeji yuko pale, naye amesoma shule.

Sasa umefika mwisho, yaya. Usikunje karatasi haraka. Umesimama au umekaa, sijui, lakini uko kwenye mlango wa jiko, Mama yuko mbele yako, na pale ndipo nilipotaka ufike. Neno lililobaki si lako, lisome tu kama lilivyo:

Mama, muulize.

Ni mimi mdogo wako, uliyemficha nyuma ya pipa,
Gratien