Kikohozi Hakizimwi

Jumanne, 2 Julai

Kimewaka mara ya kwanza! Alhamdulillahi. Baridi ya kipupwe imeingia Chukwani, na asubuhi kama hizi Kikohozi hujifanya mgonjwa — kinakohoa, kinatoa moshi, kinatikisa boneti nzima, kisha kinatulia na kuanza kunguruma kama hakijafanya lolote. Ndivyo kilivyopata jina. Majirani wanasema hawahitaji saa ya kuwaamsha.

Naandika humu garini, kama kawaida, nikisubiri injini ipate moto. Daftari linakaa kwenye kabati ya dashibodi pamoja na bisibisi, tambara na peremende za Himid. Himid, mume wangu, anasema mimi ndiye mwanamke pekee Unguja anayeiambia gari mambo ambayo mumewe hajayasikia. Namba za kilomita ziligoma zilipopita laki nne, miaka mingi nyuma, nami sikuzidai tena. Kila siku Chukwani hadi mjini. Naegesha nje ya Mji Mkongwe, natembea na vitambaa vyangu kwapani hadi chumba changu cha kushonea Mkunazini, jioni narudi. Magari mapya ya mtaani kwetu yameingia gereji, yametoka, yameingia tena. Kikohozi kipo.

Leo jioni kinamleta binti yangu Ulfat. Mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza mtu huzalia kwao, ndivyo tulivyokuta. Lakini mkwe wangu Nadir ana sharti. Jana alikaa sebuleni, adabu tele, macho chini: "Mama, mie sina neno na Chukwani. Nna neno na gari." Ati akisikia imegoma siku moja tu, Ulfat anarudi Mtoni kwa mama yake Nadir, ambako kuna gari mpya inayowaka kwa kubonyeza kitufe. Nikamwambia yako inawaka kwa kitufe, yangu inawaka kwa rehema za Mungu. Hakucheka. Kijana mzuri, lakini kicheko chake kina ratiba.

Nimelikubali sharti. Ningefanyaje? Namtaka mwanangu kwangu. Nataka kumkanda maji ya moto mwenyewe na kumlea arobaini yake yote, sio kwenda Mtoni kama mgeni na kukaa ukingoni mwa kiti.

Alkhamisi, 4 Julai

Ulfat yupo, tumbo mbele, anakula ukwaju kwa chumvi. Wifi yangu Mwanamkasi, dada mkubwa wa Himid, amekuja kutoka Makunduchi kumlea mzazi. Kasema Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya, safari hii utamkosa, mtoto ana haki zaidi. Kalisema hilo alipofika, kalisema tena kwenye chai, na tena kwenye chakula, tusije tukasahau.

Leo nimempakia akaone mji. Alishika mlango njia nzima. "Salhiya, kitu hichi kina roho?" Nikamwambia kina kikohozi tu.

Tulipoegesha akatukuta Bashira, yule mwenye duka la kanga jirani na mimi. Gari yake, aliyoinunua juzijuzi, imekufa giaboksi. Akakipiga Kikohozi ubavuni: "Khaa! Gari hii haizeeki! Sie tutakufa tuiache!" Akaenda zake. Wifi akanigeukia.

"Umesikia mashallah hapo?"

Nikasema pengine kaisema moyoni.

"Ya moyoni haisaidii."

Njia nzima ya kurudi hakushika mlango tena. Alikuwa anafikiri.

Ijumaa, 5 Julai

Nyumba yote inanukia udi na ubani. Wifi kamfukiza Ulfat, kafukiza chumba, kitanda, nguo za mtoto, hata paka hakusalimika. Baada ya sala ya Ijumaa akaniuliza boneti inafunguliwaje. Nikamwonyesha. Nilifurahi, maana katika nyumba hii sijapata mtu anayetaka kujua habari za injini. "Ala! Kumbe ndimo humu," kasema. Mwanafunzi mzuri.

Himid analalamika. Anataka zamu yake iandikwe ukutani — siku zipi nipo naye, siku zipi nipo na Kikohozi. Nikamwambia Kikohozi hakikoromi.

Jumamosi, 6 Julai

Hakiwaki.

Nimewasha ufunguo, nikangoja ile taa ya njano izime, nikapiga stata. Kikakohoa, kikanguruma kidogo, kikafa. Tena. Kikafa. Tena na tena, mpaka stata ikawa inalia kama mbuzi. Nikafungua boneti, nikabonyeza pampu ya mkono juu ya chujio la dizeli. Laini! Upepo mtupu. Injini inavuta hewa badala ya mafuta. Hewa inaingia wapi? Jana asubuhi kilikuwa kizima!

Na kuna harufu nzuri isiyo mahali pake. Nikadhani ni buibui langu.

Ulfat akachungulia dirishani: "Mama, vipi huko?" Nikamwambia nakiosha. Sikuwa na ndoo wala tambara mkononi. Naona aibu kumdanganya mwanangu, lakini naogopa zaidi. Kesho Nadir anakuja kula mchana. Na Jaku, fundi wangu, yuko Kendwa kwenye harusi ya mpwawe, harudi mpaka Jumatatu.

Jumapili, 7 Julai

Nimo ndani ya Kikohozi. Hakuna safari. Nimekuja kujificha tu.

Nadir alikuja na mkate wa kumimina wa mama yake. Himid akazungumza pweza, mvua, mpira, kila kitu isipokuwa magari. Kabla hatujapakua ikaadhiniwa Adhuhuri. Nadir akasimama, akatengeneza kofia. "Baba, twendeni na gari ya Mama. Nami niisikie."

Aisikie! Kama daktari wa kifua. Upawa ukanibaki mkononi.

Himid hata hakunitazama. "Mwanangu, msikitini mtu huenda kwa miguu. Kila hatua ina thawabu zake." Wakaenda kwa miguu juani, Himid na goti lake bovu, yeye ambaye kila siku ananitaka nimpeleke hata dukani kununua chumvi. Akarudi anachechemea. Jikoni akaninong'oneza: "Thawabu zote hizo nimezichuma kwa ajili ya chuma chako. Usinisahau." Nikacheka na machozi yakanitoka. Nampenda huyu mtu, na sijui kwa nini simwambii mara kwa mara.

Nadir kaondoka hajajua. Wifi kutwa kimya. Hata Mwaka Kogwa hakuutaja. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema labda biriani.

Jumatatu, 8 Julai

Jaku kaja. Akafungua boneti, akarudi nyuma, akanusa.

"Bi Salhiya, injini yenu inanukia biharusi."

Akainama. Kuna mpira mwembamba unaorudisha dizeli kutoka kwenye injini. Umeyeyuka, umetoboka. Pembeni yake jivu. Na kwenye jivu, punje ya ubani imegandia pale. Jaku akaibandua kwa ncha ya bisibisi na kuinyanyua tuione vizuri. Sote tukamgeukia wifi. Wifi alikuwa anamtazama ng'ombe wa jirani.

"Jicho," akasema mwishowe. "Yule mwanamke na haizeeki yake. Nkaweka chetezo humo ndani, nkafunika, moshi uingie vizuri. Nlitaka kheri, Salhiya."

Makaa ya moto! Ndani ya injini! Jaku akasema tushukuru hii ni dizeli, ingekuwa petroli saa hizi watu wangekuwa wanatusomea hitma. Nilitaka kukasirika. Wallahi nilijaribu. Lakini nikamtazama, mtu aliyeacha Mwaka wao kwa ajili ya mwanangu, nikaanza kucheka mpaka nikakaa chini kwenye mchanga. Akasema sina akili. Akanisaidia kuinuka.

Mpira umebadilishwa na mfumo wa mafuta umetolewa upepo. Balaa ni stata. Hiyo sikuweza kumsingizia mtu — nimeiunguza mwenyewe Jumamosi kwa kulazimisha. Nyingine inakuja na boti kutoka Dar, Alkhamisi inshallah. "Mpaka hapo mkisukume," kasema Jaku. "Na kikishawaka msikizime mpaka mmalize safari."

Jumanne, 9 Julai

Alfajiri Himid amerudi kutoka msikitini na safu ya kwanza yote. Hata imamu! Wamekunja kanzu, wamesukuma, Kikohozi kimewaka kabla ya kona na wote wakaleta takbiri. Nimeona haya mpaka kwenye nyayo. Jioni mjini wamenisukuma wanywaji kahawa, huku wakiendelea kubishana siasa. Kwenda nimekwenda kwa ibada, kurudi nimerudi kwa upinzani.

Sasa Chukwani nzima inajua. Himid anasema ndani ya msikiti wameshapangiana nani ashike upande gani. Nadir atakosa kusikia mpaka lini? Ulfat leo kimya, anashika kiuno, akitembea anasimama. Ya Rabbi, angoje boti. Alkhamisi tu!

Jumatano, 10 Julai

Hakungoja.

Naandika kwenye benchi la hospitali, upande wa kina mama. Daftari nimelitoa kabatini niliposhuka. Wifi yuko ndani na Ulfat, maana huingia mtu mmoja tu. Kikohozi kiko uani na nakisikia kupitia dirishani, kinanguruma.

Leo sikwenda kazini, moyo ulikataa. Uchungu umeanza baada ya chakula, kidogo kidogo, mpaka Alasiri ukawa uchungu wa kweli. Himid alishashika simu kuita teksi. Nami nikasema ita, ita upesi, nimeshindwa, basi. Ulfat akiwa amejishika mlangoni akasema: "Kwa Kikohozi, Mama."

Nikamwambia mwanangu, Kikohozi —

"Nshajua tangu Jumamosi. Mtu haoshi gari bila ndoo." Akapumua. "Na mie nkanyamaza. Sitaki Mtoni, Mama. Nnataka kwetu."

Nimemkumbatia pale pale, tumbo katikati yetu.

Hata teksi haijajibu, watu wa Alasiri walikuwa wanatoka msikitini. Hatukuwaita. Walimwona wifi na kifurushi cha nguo za mtoto, wakaja wenyewe, kanzu zimeshakunjwa. Kimewaka hata hawajachanganya miguu! Himid kabaki nyuma barabarani, ameshika goti, anapunga kofia.

Njiani sikuuondoa mguu kwenye mafuta hata niliposimama. Wifi nyuma anasoma kila aya anayoijua. Tumefika. Wamempokea Ulfat vizuri, wifi kaingia naye, mimi nikabaki kwenye usukani, sithubutu kushuka, kisije kikazima. Mlinzi akaja: "Mama, zima gari." Nikamwambia hii haizimwi, mwanangu. Akaenda kumwita mkubwa wake.

Kabla ya mkubwa wake akafika Nadir, Himid kampigia simu, mbio, kofia mkononi. Kule wanakozaa wanaume hawaingii. Akanikuta nimekaa katikati ya moshi.

"Shikamoo Mama. Mbona huzimi?"

Nimemwambia. Yote! Chetezo, mpira, stata, safu ya kwanza, thawabu za Himid. Nikamwambia sharti lake lilivunjika tangu Jumamosi, na mimi nikala biriani naye uso kwa uso bila ya kusema. Nilijua nikimaliza kusema, Ulfat na mtoto ni wa Mtoni.

Akaitazama boneti inavyotikisika. Kisha akacheka. Nadir! Kacheka mpaka akaegemea mlango. "Msikiti mzima, Mama? Na imamu?" Na imamu, nikasema. Akafuta macho. "Sasa mke wangu kasukumwa na msikiti mzima mpaka akafika, mie ntamrejesha Mtoni kwa uso gani? Shuka, Mama. Nenda kwa Ulfat. Ntaikalia mie."

Akaingia kwenye kiti changu na viatu vyake vya ofisini. Nikamwonyesha mguu uwe wapi. Nikamwambia usiachie, hata mkubwa wa mlinzi akija, usiachie.

Sasa namsikia kutoka hapa. Mkubwa wa mlinzi amefika, na Nadir anamweleza kwa majivuno, kama kwamba gari ni yake tangu ujanani: "Hii, bwana? Hii haizeeki hii!"

Mashallah sikuisikia.

Nimesimama dirishani nimepiga kelele, "Sema mashallah, Nadir!" Kina mama wote wamenigeukia. Kikohozi kimekohoa. Kimekohoa tena. Na mlango wa ndani umefunguka, kilio cha kichanga kinasikika, wifi katoa kichwa, anacheka au analia sijui, ananiita kwa mkono, upesi, upesi. Naenda. Nadir, mguu usiutoe —