Kalenda Zinazopotea Mkuyuni

Jumanne. Mawingu tangu asubuhi, na mvua yenyewe haitaki kunyesha.

Wiki ya tatu sasa kalenda zetu zinapotea. Mimi ndiye mratibu wa mipango na michango hapa hospitali, na kalenda zilikuwa wazo langu. Siku hizi ruzuku imepungua, hospitali zinajitangaza kama maduka, basi na sisi tutundikwe kwenye kuta za mji watu watuchangie wodi ya wazazi. Lakini kila nikipita maduka ya mtaa wa Mkuyuni nakuta msumari mtupu.

Nikamshuku Doto, dereva wetu. Shule zinafunguliwa, na karatasi ile ngumu inajalidi madaftari vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea.

Leo nimemfuata. Aliingia kwa fundi cherehani, akatundika kalenda ya kampuni ya soda, ya kwetu akaikunja akaibana kwapani. Nikamsubiri mlangoni, maneno makali nimeshayapanga.

Hakushtuka. “Dada, huyu mama wa kwenye picha ya kalenda karudishwa kwao, yeye na mtoto wake. Mumewe aliiona dukani, kule Magu.”

Nikaichukua ile kalenda, nikaikunjua.

Picha niliipiga mwenyewe, siku ya pili baada ya yule mama kujifungua. Mzima, mtoto mzima. Nilimwambia ni ya kutangaza wodi ya wazazi, akajifunga kitenge upya, akatabasamu. Baadaye mfadhili mmoja akaandika kwamba yeye anachangia mambo ya UKIMWI tu. Nikaongeza mstari chini ya picha: “Tuwasaidie wagonjwa wa UKIMWI.”

Sikumuuliza. Nilijiambia Magu anakoishi ni mbali, kalenda hazitafika.

Doto alijua wiki zote hizi akanificha. Nadhani aliogopa ningemnyamazisha, na siwezi kuapa kwamba nisingefanya hivyo.

Limebaki boksi moja la kalenda. Wafadhili wanakuja Alhamisi na mganga mkuu anataka ukumbi upambwe kwa kalenda hizo. Nimelifungia stoo, ufunguo ninao. Naona aibu hata kuuangalia.

Kesho Doto anawapeleka wauguzi kliniki Magu. Nimemwambia nitakwenda naye hadi kwa yule mume, niseme mbele yake na wazazi wake kwamba maneno yale niliyatunga mimi.

“Haya, dada,” akaitika.

Atanipitia saa kumi na mbili asubuhi. Lakini kwa alivyoniangalia, haamini kama atanikuta.