Jina la Mama Apewe Chui?

Naryn, 2 Aprili

Mume wangu Mederbek,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, wa tumboni hajambo, kondoo wamezaa salama. Na yeye huko mlimani hajambo? Maana barua yako ina kurasa tatu za chui wa theluji: mkia wake, manyoya yake, madaha yake akipanda majabali. Mimi nimeambulia mstari mmoja: "Kunywa maziwa." Haya, nimekunywa! Naona wivu, nakwambia wazi.

Mkeo, Burulcha

Kambini, 5 Mei

Burulcha mpenzi,

Alhamdulillahi mimi mzima, ila vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Wivu na mnyama, we mwanamke? Naye ana mimba, na majangili wametega waya kwenye njia ya mbuzi-mwitu. Sisi walinzi tukilegea tu, watamchuna ngozi. Tumempa jina, Ayimkan. Mwezi wa sita, kabla hujajifungua, nitakuwa mlangoni.

Mumeo

Naryn, 19 Mei

Mederbek,

Hujambo? Sisi wazima. Ayimkan ni marehemu mama yangu! Jina tulimwekea mtoto huyu akiwa wa kike, ukaapa mkono juu ya mkate, kiapo kisichovunjwa. Leo umempa paka wa porini. Chagua basi, yeye au mimi.

Burulcha

Kambini, 14 Juni

Mke wangu,

Waendeleaje na hali hiyo? Nisamehe. Jina lilinitoka nikikuwaza. Jana chui amezaa wawili, na waya mpya tumeuona bonde la chini. Siwezi kuondoka sasa. Nipe wiki mbili tu.

Mumeo

Naryn, 30 Juni

Baba Ayimkan,

Salamu. Nilijifungua tarehe kumi na sita, mvua ya mawe ikipiga. Mdogo wako Talant ndiye aliyenifikisha hospitali kwa gari la farasi. Ni msichana. Baba yako alimwadhinia, nami nikasema jina ni Ayimkan. Chui wako mtafutie jingine.

Kitanda cha kubembeza amekichonga Talant. Kondoo wa karamu kachinja Talant. Mtoto akilia, hanyamazi mpaka shemeji ambebe, na majirani wanasema hata pua ni yake. Kwa hiyo usijisumbue kuharakisha, huku hatujapungukiwa.

Mama Ayimkan

Kambini, 3 Julai

Burulcha,

Sijambo, ila sina raha. Darubini nimewaachia wenzangu. Ukisoma hii mimi nitakuwa nimeshavuka mto, naja nyumbani. Mwambie Talant amweke mwanangu chini.

Baba yake