Kiota Kwenye Injini na Kiapo cha Jumamosi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kwa maana siku hiyo nitawekwa mbele ya wazee nishike kichwa cha mtoto wangu niape, na mimi niliachia shule darasa la sita, sijui kusema mbele ya watu.

Mume wangu anatoa mizigo ya watu forodhani hapa Malaba, ana pikapu anayoenda nayo Busia na makaratasi, tena Ijumaa anapita Osieko, kule ziwani, kuchukua samaki wakavu, na akirudi anaiegesha chini ya ghala la mahindi kwa sababu mama yake alisema hapo ataiona kutoka mlangoni. Juzi gari ikakataa kuwaka, akaitwa fundi Ignatius, kufungua boneti wakakuta kitu cha duara juu ya injini, kimesukwa kwa nywele zangu zinazotoka nikichana, kipande cha nepi ya Asio wetu wa miezi tisa, ule uzi mwekundu wa kiunoni mwake uliopotea, na mfupa wa samaki katikati. Fundi akarudi nyuma, "Boss, mimi hapo sishiki." Mume wangu akaniuliza, "Mama Asio, hii nini?" Nikasema ni panya. Mama mkwe akacheka, "Panya wa Mundika, wanajua kusuka." Huko ndiko kwetu. Tangu hapo mimi ni mchawi, nimefunga gari ya mtoto wake asitoke, na kile kiota kiko ndani ya kopo la majani ya chai kinangoja wazee, wakati nyaya zimetafunwa mpaka shaba inaonekana na hakuna mtu anataka kuziangalia.

Nimekasirika sana, huyu mama nampikia uji kila asubuhi, lakini sasa nikuambie kile sijaambia mtu. Hao panya nilikuwa nawasikia. Wiki tatu, nikikoroga uji, nawasikia wakikwaruza kwa injini, na sikusema, kwa sababu Jumapili moja gari ilikataa kuwaka na mume wangu akashinda nyumbani, akambeba Asio begani kumwonyesha mbuzi, akala na sisi, na mimi nikasema moyoni, panya kuleni tu. Sasa nitaapaje na mkono uko juu ya kichwa cha mtoto? Nikikataa nitarudishwa kwetu bila Asio. Nijibu tafadhali, mume wangu bado nampenda.

Mama Asio, Malaba, Agosti 1974

JIBU

Mama Asio, pole. Sasa nisikilize, maana nimekasirika kwa niaba yako na wewe pia nimekukasirikia. Kukaa kimya wiki tatu ukisikia gari linalowalisha likitafunwa si uchawi, ni utoto. Ukimtaka mume Jumapili, unamwambia mume. Huwaachii panya wakusemee.

Na hao wanaokuita mchawi waone haya. Gari linanuka samaki, linaingizwa likiwa bado na joto chini ya mahindi, halafu watu wazima wanashangaa panya amepata wapi nyumba. Panya huokota chochote laini. Wewe nywele zako unazitupa wapi?

Kichwa cha mtoto usikishike. Leo, mkiwa wawili, mwambie mume wako: sikuweka kitu, niliwasikia nikanyamaza, nilitaka ukae nasi. Jumamosi rudia hayo hayo mbele ya wazee, polepole, usilie.

Gari liache palepale, kwani haliendi popote. Mume wako, kwa mkono wake mwenyewe, akate vipande vya leso kuukuu ya mama yake, aviweke ghalani panya wanapopita, afunge boneti, ufunguo wa gari akae nao. Wazee wakifika ifunguliwe mbele yao. Leso ikikutwa juu ya injini, mama mkwe aulizwe kwa heshima yeye naye amemroga nani.

Baada ya hapo nyaya zibadilishwe, gari lilale mbali na ghala, mahali palipofyekwa, boneti ikiwa wazi, panya hapendi upepo na mwanga. Harufu ya samaki ioshwe kila Ijumaa. Tundu la kuvutia hewa lifungwe wavu wa waya, mitego iwekwe ghalani. Sumu hapana, Asio anatambaa. Nywele zako choma.

Na gari likishapona, Jumapili ya kwanza mwambie unamtaka nyumbani hata kama linawaka.