Mbuzi wa Golf Asiyechinjwa

Lubumbashi, Katuba,
Jumapili, baada ya misa ya pili

Kwa Kabange, mdogo wangu wa tumbo moja, aliye Mitwaba,

Amani ya Bwana wetu ikukute umeketi mlangoni pako, na wanao wakiwa karibu nawe. Kifua chako kimepata nafuu? Na ile mihogo ya ng'ambo ya kijito, imeokoka na nguruwe wa porini mwaka huu? Mimi ni mzima. Magoti yananisuta kila ninapoinuka kutoka kusali, lakini macho bado yanasoma na mkono bado unaandika, kama unavyoona.

Dereva wa lori alinifikishia ujumbe wako neno kwa neno, mbele ya watu, kwa sauti kubwa kama ulivyomwagiza: «Yaya, mutoto wangu anatumika kwa bantu ya Shetani. Mumurudishe mbele bamukule.» Waliposikia kwamba nimrudishe mtoto kabla hawajamla, vijana waliokuwa wakishusha magunia ya mahindi waliacha kazi wakanitazama. Sikukasirika, Kabange. Wewe ni mama, na mfanyabiashara wa vitenge aliyekuletea habari hizi hakukuambia hata nusu ya yanayojulikana. Lakini sikutaka kukujibu kwa maneno yaliyookotwa kwenye bomba la maji la mtaa. Nilitaka kukujibu kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu, ndiyo maana nimekawia.

Unajua kwamba binti yako Ngoie, anayekaa kwangu, yuko mwaka wa mwisho katika shule ya wakunga. Asubuhi anasoma, mchana anafanya kazi za nyumbani mtaa wa Golf, kwa Bwana Joris, Mzungu anayesimamia pampu za kutoa maji katika mgodi wa Kipushi. Mkewe, Madame Hilde, ni mwuguzi, na kazi zikiisha humketisha mtoto wetu mezani akamfafanulia masomo yake kwa Kifaransa. Mtihani ni kiangazi hiki. Akiondoka sasa, miaka yote ya masomo imekwenda bure, na shule haitampokea tena.

Maneno ya watu yalianza kwa mzaha wa Ngoie mwenyewe. Alisema bombani kwamba mabwana zake hawasali kabla ya kula, kwamba katika chumba kidogo wametundika picha ya kichwa cha mbuzi ndani ya nyota, na kwamba uani wana mbuzi wa kweli ambaye hawamchinji kamwe. Ya kutosali watu waliyaacha. Mbuzi hawakumwacha. Jirani yangu Mama Mujinga alinijia asubuhi, ndoo ingali kichwani.

— Papa katekista, ule mbuzi haiko mbuzi.

— Ni nini basi, Mama Mujinga?

— Iko muntu! Noeli inapita, Pasaka inapita, mbuzi iko tu pale, inanona. Weye ulishaona wapi mbuzi ya bure vile?

— Na huyo mtu aliyefungwa ndani ya mbuzi ni nani?

— Ah, Papa, mambo ya jina, uulize benyewe!

Kabange, niliuliza. Niliuliza Katuba nzima. Walisema maji ya mgodini hayapungui mpaka Bwana Joris atoe mtu kafara. Nikauliza ametoa nani, wakasema ni mtu wa mtaa mwingine. Huko mtaa mwingine wakasema ni mtu wa Katuba. Tangu nianze ukatekista nimezika watoto wengi, nawe unajua kwamba wawili walikuwa wangu. Waliondolewa na surua, na homa, na maji machafu. Sijawahi kumzika hata mmoja aliyeliwa na dini ya mtu.

Hata hivyo, katika mkutano wa shirika letu, mzee mmoja alitaka Ngoie azuiwe komunyo mpaka aache kazi ile. Hapo nilikumbuka jambo ambalo wewe pia unalikumbuka. Mimi na marehemu mke wangu tulipokuwa katika kile kikundi cha watu wa ndoa waliokutana majumbani kufundishana Injili, walisema nini juu yetu? Walisema tunazima taa na kubadilishana wake. Wewe ulilia, ukaniuliza kama ni kweli. Sisi tulikuwa tukila mihogo ya kuchemsha na kusoma Mtakatifu Yohane. Mpaka siku mke wangu alipolala kaburini, walikuwapo wanawake waliovuka barabara ili wasimsalimu. Kwa hiyo niliwaomba watu wa shirika wanipe nafasi niende mwenyewe.

Nilivaa koti langu la kijivu, abakosti, nikachukua rozari, na sitakuficha: mfukoni niliweka kichupa cha maji ya baraka. Walinipokea kwa heshima. Madame alileta chai. Nilipoinamisha kichwa kusali juu ya kikombe, nilikawia makusudi, nikitazama kwa pembe ya jicho. Wote wawili hawakugusa vikombe vyao mpaka nilipomaliza.

Basi nikamwuliza waziwazi, kwa Kifaransa nilichofundishwa na mapadre:

— Bwana, je, wewe unamwabudu Shetani?

— Papa Banza, mimi siamini hata kwamba yuko.

— Na Mungu je?

— Yeye pia siamini. Unisamehe kukuambia hivyo mbele ya chai.

Akanieleza taratibu. Alilelewa na baba mkali, mtu wa dini, ambaye kila furaha ya mtoto, hata kupiga mluzi, aliiita ya Shetani, akampiga kwa ajili yake. Akakua akisema moyoni kwamba kama kila anachokipenda ni cha Shetani, basi na yeye aitwe wa Shetani. Kule kwao yako makumi machache ya watu kama yeye. Hukutana mara chache kwa mwaka, wana maneno yao ya kusema pamoja na kanuni zao, na ya kwanza aliyonitajia ni kwamba mtoto asidhuriwe. Jina lile kwao ni picha ya mtu aliyekataa kulazimishwa kupiga magoti.

— Na damu? — nikauliza. — Watu wanasema mnatoa damu.

— Damu! Mke wangu hawezi kuchinja kuku. Kuku wote wa nyumba hii wamechinjwa na mpwa wako, Mkatoliki.

Jikoni nikasikia Ngoie akijizuia kucheka, akashindwa.

Nilimwambia Bwana Joris kwamba amekosea, nawe usidhani nilimwachia neno hilo kwa ajili ya chai. Nilimwambia: Umejivika jina la yule ambaye kwetu ni baba wa uongo, kisha unashangaa watu wakikukimbia? Akajibu kwamba ujanani labda alilichagua ili wamkimbie kidogo. Nikamwambia pia kwamba baba yake alimkosea Mungu kuliko yeye. Hapo Madame akamshika mumewe mkono.

Kisha nikauliza habari za mbuzi. Madame akafurahi, akaenda mlangoni akaita: «Kipushi! Kipushi!» Akaja mbuzi jike, mweupe, mnene, mzee wa kutosha, akapita moja kwa moja hadi kwenye kiti changu akaanza kutafuna pindo la abakosti. Nilikuwa nimesikia mengi, basi nilimtazama machoni kwa muda mrefu. Nikaona macho ya mbuzi.

Sasa sikiliza jinsi walivyompata. Bwana Joris alipofika mara ya kwanza, wafanyakazi wake wa pampu walichanga wakamletea mbuzi wa kumkaribisha, kama sisi sote tunavyofanya. Yeye na mkewe walidhani wamepewa mnyama wa kufuga! Wakampa jina la mji alikotoka, wakamjengea kibanda, na kila mfanyakazi alipopita walimwonyesha kwa fahari: tazama, zawadi yenu tunaitunza. Na kila mfanyakazi alirudi nyumbani na swali kifuani. Mgeni asiyekula mbuzi wa makaribisho, ama ametudharau, ama mbuzi huyo ana kazi nyingine.

Nilipowaeleza, Bwana Joris alishika kichwa. «Miaka yote hii wanangoja kula?» Nikasema: Wanangoja. Madame akamkumbatia mbuzi shingoni, na nikaona kwamba kwa kisu hatutafika popote. Nikawashauri wapike chakula kingine, wawaite wafanyakazi na wake zao, waseme walivyokosea.

Kabla ya siku ya karamu hiyo alinijia citoyen Kalenga, «raia», kama tunavyopaswa kuitana siku hizi, mkuu wa seli ya chama katika mtaa wetu. Habari zilikuwa zimemfikia.

— Papa Banza, ile dini iko na karatasi ya Kinshasa?

— Haina.

— Basi haiko dini.

— Na mtu mwenye imani isiyo na karatasi, tumwite nani?

Akakuna shingo.

— Beko bantu ngapi?

— Bwana na mkewe.

— Babili? Bantu babili haiko kanisa, Papa, iko ndoa! Bakifika kumi, bakuye ku bureau ya chama.

Akaenda zake ameridhika. Mimi nilibaki nikifikiri, maana najua wewe pia utaniuliza: Je, ile ni dini? Sikuweza kujibu kama citoyen Kalenga. Karatasi ni haki ya serikali, na sisi raia tunaitii. Lakini mimi ni yule yule niliyebatizwa Anselmi, jina la Kikristo ambalo siku hizi haliruhusiwi tena kuandikwa kwenye kitambulisho changu, na sijaona kwamba ubatizo ulifutika pamoja nalo. Sitaongeza neno hapo, wewe unanielewa.

Jibu langu, baada ya kusali, ni hili. Kama dini maana yake ni njia imfikishayo mtu kwa Mungu wa kweli, basi ile si njia, nami nitalisema hilo mpaka kufa kwangu. Lakini kama dini ni watu wanaokiri jambo moja, wanaoshika kanuni na kukusanyika kwa ajili yake, siwezi kusema uongo: ni dini, ya watu wachache na ya huzuni kidogo. Kukubali kwamba ipo si kukubali kwamba inasema kweli. Na mtu akimdhuru mtoto, ahukumiwe kwa kumdhuru mtoto, hata awe anasali wapi. Amri ya Mungu inayonikataza kumshuhudia jirani uongo haikusema: isipokuwa jirani asiyeamini.

Siku ya karamu walikuja wote, wengine wakifanya ishara ya msalaba langoni. Ngoie na Madame walikuwa wamepika samaki, kuku, ugali wetu wa bukari, na sombe ya majani ya mihogo. Bwana Joris alisimama akakiri kosa lake. Papa Kasongo, mkubwa wa wafanyakazi wale, akajibu kwa niaba yao:

— Patron, shiye tulizania unakatala mbuzi yetu.

— Hapana, Papa Kasongo. Nilimpenda.

— Mbuzi habapendake, Patron. Banakulaka!

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilifika Kipushi. Kisha Bwana Joris akanigeukia akasema: «Wageni wangu wamezoea kuombewa chakula. Papa Banza, fanya kwa desturi yenu.» Nikasali kwa sauti, ndani ya ua ule, Baba Yetu mpaka mwisho. Yeye hakusali. Alisimama na mikono nyuma, kama mtu anavyosimama katika kilio cha wenzake. Moshi pekee niliouona ulikuwa wa makaa ya kupikia.

Mama Mujinga pia alikuja, eti kuangalia tu. Alichukua samaki mara ya pili. Njiani kurudi akaniambia: «Miye bado naogopa ile picha.» Nami nikamjibu kwamba hata mimi siipendi.

Sitakudanganya kwamba yote yamekwisha. Familia mbili za mtaa wetu bado hazimsalimu Ngoie. Lakini Padre paroko ameamua kwamba komunyo ya mtoto haizuiwi kwa sababu ya imani ya watu anaowaoshea sahani, na yule mzee aliyetaka azuiwe ametii. Asubuhi ya leo Ngoie amepokea komunyo, mstari wa mbele, nami nikiwa nyuma yake.

Nisalimie shemeji yangu, baba wa watoto wako, na umwambie koti la mvua aliloomba nimelipata. Nisalimie mama mkwe wako, anayetuombea sote. Nisalimie pia katekista kijana aliyeshika mahali pangu kanisani huko. Na mke wa mpwa wetu, ambaye nasikia ni mjamzito. Mwambie asinyanyue mizigo.

Neno la mwisho, Kabange. Ngoie ni mtoto wako, si wangu. Tangu siku ya ujumbe wako amefunga nguo zake zote ndani ya kitenge, na furushi liko nyuma ya mlango. Kila asubuhi anatoa humo nguo ya kuvaa, na jioni anairudisha. Sasa hivi namsikia chumbani akikariri majina ya mifupa ya nyonga kwa Kifaransa, akikosea, akianza upya. Ukisema arudi, nitampandisha lori mimi mwenyewe, wala sitakulaumu. Lakini lori linarudi huku Alhamisi. Mpe dereva neno lako, na safari hii usinitumie mimi. Mtumie Ngoie, kwa jina lake, ili ajue kama afungue furushi lake.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda katika Kristo,

Banza Anselmi